"Mtandao Unasumbua": Hitilafu Iko Wapi Hasa?

Mkazi wa Buhongwa anayefuatilia leseni ya biashara au kumbukumbu namba ya malipo huweza kuambiwa maneno mawili tu dirishani: mtandao unasumbua. Kwa mtu aliyefunga duka na kulipa nauli, maneno hayo ni siku iliyopotea. Kwa aliyesimama na mgonjwa kwenye foleni ya malipo, ni zaidi ya hapo. Tatizo la kauli hiyo ni kwamba hufunika hitilafu nyingi zisizofanana kabisa, na nyingine hurekebishwa kwa dakika chache iwapo mhusika anajua pa kutazama.

Zipo siku ambazo chanzo kiko mbali kweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Hakuna fundi wa Mwanza ambaye angeweza kufanya lolote kuhusu hilo. Lakini hata siku kama hiyo, kompyuta ya mapokezi inayowasiliana na seva iliyo chumba cha pili haina sababu ya kukwama, kwa kuwa mawasiliano hayo hayatoki nje ya jengo. Ikikwama, ugonjwa uko ndani.

Seva nyingi duniani huendeshwa kwa Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, na ambao hupatikana bila malipo. Mojawapo ya matoleo yake yanayotumika sana, Ubuntu, lilitoka mwaka 2004 likiwa na jina kutoka lugha za kusini mwa Afrika, ndugu wa karibu wa neno "utu".

Fundi makini hutafuta hitilafu ya Linux kuanzia karibu kwenda mbali. Huanza na waya na taa ndogo pembeni mwa tundu lake. Taa isipowaka, hakuna haja ya kugusa programu. Kisha huandika amri "ip address" ili kuona kama kompyuta imepewa anwani. Anwani inayoanza na 169.254 humaanisha kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe: basi ruta au swichi ndiyo ya kuchunguzwa. Anwani ikiwa sahihi, "ip route" huonyesha lango, yaani ruta ambayo mawasiliano yote ya nje hupitia. Lango hilo huitwa kwa amri ya "ping". Likijibu, huitwa anwani iliyo mbali, mathalani 8.8.8.8.

Hapa ndipo wengi hupotea. Anwani ya mbali ikijibu kwa namba, lakini tovuti haifunguki kwa jina, mtandao ni mzima. Kilichokufa ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba, sawa na simu yenye salio na minara yote ilhali orodha ya majina imefutika. Kumpigia mtoa huduma za intaneti kulalamika, jambo linalofanyika mara nyingi, hakusaidii kitu ikiwa kosa limo katika mpangilio wa kompyuta yenyewe.

Mpangilio huo katika Ubuntu ya seva huandikwa kwenye faili la Netplan, na faili hilo ni jeuri kidogo: nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari zina maana. Mstari ukisogea mahali pasipofaa, faili zima huweza kukataliwa. Kwa sababu hiyo ipo amri ya "netplan try", ambayo hujaribu mpangilio mpya na kurejesha wa zamani baada ya sekunde 120 iwapo fundi hakuthibitisha. Anayehudumia seva kutoka mbali bila kutumia kinga hiyo huweza kujifungia nje, na wananchi wakasubiri hadi afike kwa gari.

Mambo huwa magumu zaidi pale seva moja inapobeba kompyuta-pepe kadhaa, ambazo ni kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ni kama nyumba moja yenye wapangaji. Katika mpangilio wa NAT, wapangaji wote hutoka kwa mlango wa mwenye nyumba: wanaweza kwenda nje, ila mgeni wa nje hawaoni mpaka aelekezwe. Katika mpangilio wa daraja, kila mpangaji ana mlango wake barabarani. Kompyuta-pepe inayotoa huduma kwa ofisi nzima ikiachwa kwenye NAT, yenyewe itafungua tovuti zote vizuri huku watumishi wakishindwa kuifikia. Tena, ikinakiliwa bila kubadilishwa utambulisho wake, nakala na asili huweza kugombania anwani moja. Matokeo yake ni huduma inayokuja na kuondoka, na hiyo ndiyo hitilafu inayosingiziwa hali ya hewa kuliko zote.

Mwananchi hahitaji kujua amri hizi. Yatosha kuuliza kwa adabu kama tatizo liko kwenye kompyuta moja, katika jengo zima au kwenye mfumo wenyewe, kisha kuandika saa na maneno yaliyotokea kwenye skrini; fundi atayahitaji. Aliyekwisha kupewa kumbukumbu namba anaweza kulipa kwa simu au kwa wakala wa benki hata kama kompyuta iliyoitoa imezimika, alimradi muda wa namba hiyo haujaisha.