Nyundo ya mashine: Heri ipimwe ingali kwa muuzaji

HAKUNA mhunzi anunuaye nyundo ya mashine kwa mzaha. Mtambo huu humeza akiba ya miaka, na aghalabu mkopo wa chama juu yake. Ukishashushwa bandarini Mombasa na kufikishwa karakanani kwa lori, kuurejesha ng'ambo ni muhali. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wenye manufaa ni ule unaofanywa kabla ya shehena kung'oa nanga.

Mhandisi James Nasmyth wa Scotland alichora nyundo yake ya mvuke mnamo 1839, akapata hataza mwaka wa 1842. Siku hizi nyundo nyingi za karakana ndogo huendeshwa kwa hewa. Mota huzungusha gurudumu linalosukuma pistoni moja, na hewa inayoshindiliwa na pistoni hiyo huinua na kutupa chini pistoni ya pili iliyobeba kichwa cha nyundo. Zile ziundwazo Anyang, Uchina, hutajwa kwa uzito wa sehemu inayoanguka: C41-40 ni ya kilo 40.

Uzito huo pekee hautoshi kumridhisha mnunuzi. Aulize pia uzito wa fuawe, ambayo yapasa kuwa angalau mara kumi ya kichwa, na ikizidi hapo ni bora. Fuawe nyepesi huruka pamoja na pigo, na nguvu ambayo ingalikunja chuma huishia ardhini.

Ukaguzi huanza umeme ukiwa umezimwa. Gurudumu huzungushwa kwa mkono ili kusikia iwapo kuna mahali panapokwama. Kabari zinazoshika nyuso za kupigia hugongwa kuona kama zimelegea, na tupa hupitishwa juu ya nyuso hizo: ikiuma kwa urahisi, chuma hicho ni laini mno na kitabonyea upesi.

Mtambo uliokwisha kutumika wahitaji jicho kali zaidi, kwani rangi mpya huficha mengi. Mafundi wa zamani walikuwa na mbinu ambayo haijapitwa na wakati. Mwili wa nyundo hupakwa mafuta ya taa, hufutwa ukakauka, kisha hupakwa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojipenyeza ndani hutoka tena na kuchora mstari juu ya chaki. Mstari wa namna hiyo kwenye shingo ya mtambo ni sababu tosha ya kufunga mkoba wa fedha na kwenda zako.

Baadaye nyundo huwashwa na kuachwa izunguke bila kupiga, angalau nusu saa, huku oili ikifuatiliwa iwapo inafika kwenye silinda. Beringi zikishika moto usiovumilika kwa kiganja, kuna kasoro. Nyuso mbili za chuma kamwe zisigonganishwe zikiwa tupu, maana zaweza kupasuka. Kipande cha mbao au chuma kilichopashwa moto huwekwa kati.

Jaribio kuu, hata hivyo, ni la kanyagio. Mguu ukiwa umeondolewa, kichwa chapasa kukaa juu bila kuteremka polepole. Mguso mwepesi ulete pigo jepesi, na pigo moja libaki moja. Nyundo inayoongeza pigo la pili bila kuamriwa itamkata fundi vidole, hata iwe na nguvu kiasi gani. Kisha upau uliopashwa moto hupigwa bapa na kupimwa unene ncha zote mbili. Ncha zikitofautiana, nyuso hazilingani.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni umeme wenyewe. Nchini Kenya umeme hupigwa kwa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali Marekani ni 60. Mota ya huko ikiunganishwa hapa hupoteza takriban sehemu moja kwa sita ya kasi yake, na mapigo hupungua vivyo hivyo. Hivyo nyundo iliyong'ara katika majaribio huko yaweza kuzubaa Kamukunji. Aidha, mota ya nyaya tatu haina faida kwa karakana yenye laini moja.

Ipo pia karatasi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilianzisha mnamo 2005 mpango wa kukagua bidhaa zikingali katika nchi zinakotoka. Cheti hicho huthibitisha kwamba viwango vimetimizwa. Hakisemi kama nyundo inapiga vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo yataka mikanda na magurudumu yazibwe, na kanuni za kelele haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa muda unaopita saa nane.

Yote yakiwa sawa, kichwa huteremshwa juu ya gogo na kufungwa, nyuso hupakwa grisi dhidi ya chumvi ya bahari, na nambari ya mtambo hupigwa picha. Kabari zitahitaji kukazwa upya baada ya siku ya kwanza ya kazi.