Siku 21 Hazijengi Mazoea

Kila Januari inapokatika, wataalamu wa saikolojia huulizwa swali lile lile: "Nimetimiza siku 21, mbona bado najilazimisha?" Anayeuliza huwa keshajihukumu kuwa mvivu. Hana kosa lolote. Kosa liko kwenye hesabu aliyouziwa.

Na hesabu hiyo inauzwa kweli kweli, kuanzia semina za hamasa hadi vikundi vya WhatsApp vya kupunguza kitambi. Chimbuko lake ni chumba cha upasuaji. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu, aliona kwamba mgonjwa aliyebadilishwa pua huchukua kama siku 21 kuizoea sura yake mpya. Akayaandika hayo mwaka 1960 katika kitabu chake Psycho-Cybernetics, na 21 kwake ilikuwa kiwango cha chini. Wahamasishaji wakakifanya kiwango cha chini kuwa muda kamili, kisha wakaligeuza suala la pua kuwa kanuni ya kukimbia, kuweka akiba na kuacha soda. Lakini pua mpya haidai juhudi ya kila asubuhi. Mwenyewe huamka nayo. Mazoezi lazima mtu ayaendee, mvua inyeshe isinyeshe.

Wapo waliolipima jambo lenyewe. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akirudia kila siku kitendo kimoja alichokichagua, cha kula, kunywa au kufanya mazoezi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, kwa wale ambao mwenendo wao uliweza kukadiriwa, mtu wa katikati alihitaji siku 66. Wa haraka kabisa alihitaji 18. Wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254, yaani zaidi ya miezi minane. Kunywa maji kulizoeleka mapema kuliko mazoezi.

Utafiti huo huo uliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Hapa ndipo uvumilivu wa wataalamu unapoisha, kwa sababu ile amri ya "ukikosa siku moja, anza kuhesabu upya" haina msingi, na inaweza kumfanya mtu akate tamaa na kuacha kabisa.

Anayetaka ushahidi wa karibu autazame mwezi wa Ramadhani. Kwa siku 29 au 30 waumini huamka kula daku. Idi ikishapita, wengi hulala mpaka alfajiri: jikoni hakuna chungu kilichoinjikwa, mtaani hakuna ngoma ya kuamsha watu, nyumba nzima iko kimya. Siku zimezidi 21 kwa mbali, ila kilichokuwa kikiwaamsha kimeondoka.

Basi cha kufanya ni nini? Lengo lifungwe kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile kutembea mara tu baada ya kumpeleka mtoto shule. Saa na mahali vitajwe mapema. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mpango wa aina hiyo hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kuwe na kiwango cha siku mbaya, hata dakika 10. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo hazifiki dakika 22 kwa siku. Akiba isipangwe kwa kipimo cha Januari, mwezi wa ada na sare. Ikatwe siku mshahara unapoingia, kiasi kipunguzwe miezi mizito na kuongezwa miepesi. Malengo yapitiwe upya kila baada ya miezi mitatu, na lililoshindikana lipunguzwe bila aibu.

Anayetaka kuacha pombe baada ya miaka ya kunywa sana kila siku asifuate hesabu yoyote ya mtaani. Aanzie kituo cha afya, maana kukatisha ghafla kunaweza kumletea degedege.