Karanga za Kongwa vinywani mwa Waingereza

Msafiri wa basi la Dar es Salaam kwenda Dodoma anaijua Kibaigwa kwa mahindi. Malori yamejipanga, makuli wanashusha magunia, na mzigo uliotoka Kiteto na vijiji vya Kongwa unapimwa ili uendelee na safari. Ila wilaya hii ya Kongwa, ilimo Kibaigwa, imewahi kuwapa Waingereza kitu kingine, nacho ni msemo: “groundnut scheme”, mpango wa karanga. Kwa miaka mingi, mwanasiasa wa kule aliyetaka kuuponda mradi wa serikali uliomeza fedha na kutoa patupu aliufananisha na huo.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, aliishawishi serikali ya Uingereza ilime karanga Afrika Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulikagua ardhi kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa ndiyo ikawa mwanzo. Mwaka 1947 zilitarajiwa kusafishwa ekari 150,000 pale. Zilizopandwa karanga hazikufika hata 10,000.

Matrekta mengi yalikuwa chakavu, mabaki ya vita. Vichaka vya Ugogo, yaani eneo hilo la Wagogo, vina mizizi migumu iliyovunja majembe, na mchanga ulisaga vyuma hadi vikaisha makali. Lakini mkosi mkubwa ulikuwa chini ya mmea wenyewe. Ua la karanga hutoka juu, kisha kikonyo chake huinama na kujichimbia ardhini, na punje hukua humo. Kwa hiyo karanga inataka udongo laini wakati wa kuzaa na wakati wa kung’olewa. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa, mvua ikikatika, hukauka kama zege. Ukivuta shina, karanga zinabaki chini. Na mvua yenyewe Ugogo ni ya kubahatisha, jambo ambalo lingejulikana kwa mkulima yeyote wa pale aliyewahi kuipoteza mbegu kwa kiangazi cha katikati ya msimu.

Mwezi Januari 1951 serikali ilitangaza mwisho wa mpango ule na kufuta pauni zipatazo milioni 36 kuwa hasara. Aliyekuwa Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa amekwisha kushambuliwa vya kutosha bungeni, na msemo ukabaki.

Ninaukubali kuwa msemo mzuri, maana una ushahidi nyuma yake. Kinachoniudhi ni jinsi unavyotumika. Katika Kiingereza unazungumzia hasara ya mlipa kodi wa London, basi. Kongwa haimo, Wagogo hawamo, na karanga ndiyo inayobeba lawama. Wakulima wadogo wa Dodoma wanalima karanga hadi leo, kwa jembe la mkono na vipande vidogo vya ardhi wanavyovichagua kwa macho, huku wakichanganya na mtama, uwele na njugu mawe ili jua likiua hiki, kile kisalimike. Walioshindwa Kongwa ni waliofika na ramani na hesabu za ekari, wakaamini kwamba chuma kingi kitaishinda mvua.

Ukitoka Kibaigwa kuelekea Dodoma, pale Mbande barabara inachepuka kwenda Kongwa. Sehemu ya ardhi iliyosafishwa wakati ule ndiyo leo ranchi ya taifa, penye nyasi na ng’ombe, matumizi yanayoiafiki nchi hii kavu kuliko karanga za matrekta. Mwalimu wa Kiingereza katika shule za huku akifika kwenye misemo, ningependa aanze na huu, kisha awatoe wanafunzi nje, mwezi wa Julai, wajaribu kuchimba udongo wa uwanjani.