Picha Isiyopangwa: Mpigapicha Shuhuda katika Arusi ya Ghalani

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kuuliza maswali mawili kila anapofungua riwaya: Ni nani anayesimulia? Amesimama wapi? Makala haya yanadhamiria kuyaelekeza maswali hayo kwa sanaa ambayo aghalabu hatuihesabu miongoni mwa masimulizi, nayo ni upigaji picha wa arusi. Tutajifunga katika mtindo mmoja na mahali pamoja: mtindo wa mpigapicha asiyewapanga watu, na arusi zinazofanyiwa katika maghala ya kale ya mashambani nchini Uingereza. Mfano huu umechaguliwa kwa kuwa ghala lenyewe, kwa nuru yake na kwa historia yake, linaliweka wazi swali tunalolizingatia: je, picha isiyopangwa ndiyo picha ya kweli?

Hoja yetu ni kwamba kutopanga si kutochagua. Mpigapicha aliyenyamaza pembeni bado ni msimulizi, na msimulizi hana budi kujibu kwa yale aliyoyaacha.

Suala la istilahi

Mtindo huu unakinzana na ule wa studio, ambapo maarusi huelekezwa pa kusimama, pa kutazama na wakati wa kutabasamu. Katika mtindo tunaouzungumzia, mpigapicha hufuata siku inavyokwenda, bila kusimamisha tukio wala kulirudia. Kwa filamu za namna hii tumezoea neno "makala". Hata hivyo, tukisema "picha za makala", msomaji atafikiria picha zinazoambatana na habari gazetini. Tunapendekeza "picha za kishuhuda", kutokana na neno shuhuda: mtu aliyekuwapo jambo lilipotendeka. Faida ya neno hili ni kwamba linabeba wajibu. Shuhuda huulizwa aliona nini, na huulizwa pia alikuwa wapi hata asione mengine.

Usuli wa mtindo

Uvumbuzi wa upigaji picha ulipotangazwa mjini Paris mwaka wa 1839, kutulia kulikuwa sharti la mashine kabla ya kuwa sharti la adabu. Bamba lilihitaji nuru kwa muda, na aliyetikisika alififia. Mfano mashuhuri ni wa tarehe 25 Januari 1858. Siku hiyo Malkia Victoria alipigwa picha pamoja na mumewe Albert na binti yao mkubwa, muda mfupi kabla ya binti huyo kuozwa. Katika picha hiyo, sura ya malkia ina ukungu. Yeye mwenyewe alieleza katika shajara yake kwamba alikuwa akitetemeka. Kwa fundi wa enzi hizo, hiyo ilikuwa dosari. Kwa msomaji wa leo, dosari ndiyo habari: ule ukungu ni mama anayemwoza mwanawe wa kwanza. Aliyetulia alionekana sura. Aliyetikisika alionekana moyo.

Hali ilibadilika kamera ndogo ya Leica ilipoingia sokoni mwaka wa 1925. Kamera ikawa kitu cha kutembea nacho mkononi. Magazeti ya picha, kama Life la Marekani katika umbo lake la mwaka wa 1936 na Picture Post la Uingereza la mwaka wa 1938, yaliwazoesha wasomaji kusoma tukio kwa mfululizo wa picha. Mnamo mwaka wa 1952 Mfaransa Henri Cartier-Bresson alichapisha kitabu kilichoeneza dhana ya nukta ya maamuzi, yaani ile nukta ambapo umbo na maana hukutana, nayo haingojei. Wapigapicha wa arusi waliichukua dhana hiyo kutoka kwa wanahabari. Kamera za dijitali ziliwarahisishia kazi: palipokuwa na filamu ya picha 36, sasa palikuwa na nafasi ya kupiga maelfu kwa siku moja.

Ghala linavyogeuka ukumbi

Ghala la kale la Kiingereza halikujengewa arusi. Lilikuwa mahali pa kuhifadhia na kupuria ngano na shayiri. Katikati yake kulikuwa na sakafu ngumu ya kupuria, na pande mbili za sakafu hiyo milango mikubwa iliyoelekeana, ili gari la mavuno lipite na upepo uvume wakati wa kupepeta, upeperushe makapi. Kuta zilikuwa na vipenyo vyembamba vya hewa badala ya madirisha. Baadhi ya maghala hayo ni ya kustaajabisha. Ghala la Harmondsworth, magharibi mwa London, lilijengwa kwa mwaloni katika miaka ya 1426 na 1427, na urefu wake ni takriban mita 58. Mshairi John Betjeman alilifananisha na kanisa kuu.

Mashine za kuvunia zilipozidi ukubwa, maghala mengi ya kale yalibaki bila kazi. Sheria nayo ikafungua mlango. Zamani ndoa ya kiserikali katika Uingereza na Wales ilifungwa katika ofisi ya msajili tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1994, iliyoanza kutekelezwa kwa majengo mengine mwaka wa 1995, iliruhusu ndoa hiyo ifungwe katika jengo lolote lililoidhinishwa. Ndipo wenye mashamba wakaanza kuomba idhini. Ruhusa ya kufunga ndoa nje ya jengo, katika viwanja vya mahali palipoidhinishwa, ilikuja baadaye, mwaka wa 2021. Kwa hiyo picha ya arusi ya ghalani, inayoonekana kana kwamba ni ya tangu jadi, ni tunda la sheria iliyopitishwa juzi tu.

Nuru, umbali na nafsi ya msimulizi

Jengo hili humtia mpigapicha majaribuni. Mlangoni nuru ni kali; hatua kumi ndani ni kiza. Boriti nyeusi hufyonza nuru badala ya kuirudisha. Taa ya kamera inayomweka, ambayo ukumbini huelekezwa kwenye dari jeupe ili nuru itawanyike, hapa hupotea katika paa refu la mbao. Isitoshe, mmweko huwatangazia watu kwamba wanatazamwa. Kwa sababu hiyo shuhuda hupendelea kuifungua lenzi kwa upana, kuongeza wepesi wa kamera kuihisi nuru, na kukubali chembechembe zinazojitokeza pichani. Kwa watu wanaotembea, kamera hufunguka kwa takriban sehemu moja ya 125 ya sekunde. Kwa wanaocheza ngoma, huhitaji kasi zaidi. Tatizo jingine ni rangi: balbu huleta umanjano, mlango huleta ubuluu wa mchana, na uso ulio baina yao huwa na pande mbili. Mara nyingi tiba ni kuhama tu. Mpigapicha huuacha mlango nyuma yake, na nuru ile ile iliyokuwa ikimpofusha sasa inaziangukia nyuso za watu.

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Lenzi ndefu, kwa mfano ya milimita 200, humruhusu mpigapicha kusimama mbali na kuchungulia. Lenzi fupi ya milimita 35 humlazimisha asogee, aombe njia, asalimiane na shangazi za watu. Wa kwanza ni kama msimulizi wa nafsi ya tatu aliye nje ya kisa. Wa pili ni msimulizi mshiriki. Picha ya yule wa pili huwa na ukaribu ambao haughushiki kwa urahisi, kwa kuwa nyuso zilizomo zinamjua anayezitazama.

Utulivu unaosifiwa katika mtindo huu, basi, hauji wenyewe. Hutayarishwa. Mpigapicha hukutana na maarusi kabla ya siku, hufika mapema watu wakingali wanabeba viti, na hupiga picha nyingi za mambo madogo mpaka kamera izoeleke. Aghalabu hutenga pia dakika chache za picha za ukoo zilizopangwa, maana wazee huzitaka, na si haki kuwanyima kwa ajili ya itikadi ya mtindo.

Je, isiyopangwa ndiyo ya kweli?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera, kinyume na macho, ina kingo nne, na kila ukingo ni pazia. Tena, baada ya siku hiyo mpigapicha huketi na kuchuja: katika maelfu aliyopiga, hukabidhi mia kadhaa. Baba aliyelia akabaki, mjomba aliyesinzia akatupwa. Huo ni uhariri, na uhariri ni usimulizi.

Hata mandhari yenyewe yamehaririwa. Marobota ya mabua yamepangwa safu na kufunikwa kitambaa yasichome. Hakuna samadi, hakuna vumbi la makapi, hakuna mgongo uliopinda kwa kupura. Ushamba umebakizwa kama pambo, kazi yake imeondolewa. Shuhuda anayepiga boriti na mishumaa peke yake huwa ameshuhudia mapambo. Anayemgeukia mpishi mlangoni, au kijana anayekunja viti usiku wageni wakiaga, huwa amelikumbuka ghala lilivyokuwa: mahali pa kazi.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka wa 2014 dada yangu aliolewa kijijini kwetu. Mpigapicha alikuwa hodari wa kupanga. Alipanga waliovaa sare mbele, na akamwomba nyanya asogee kidogo, kwa kuwa leso yake haikuoana na rangi za siku. Nyanya alisogea, akacheka, akarudi jikoni. Mwaka uliofuata tulimzika. Albamu ile ina picha zaidi ya 200, na yeye yumo katika moja tu, iliyopigwa bila kukusudia: mkono wake ukingoni, umeshika upawa, na pindo la leso. Mama ameitia picha hiyo katika fremu. Zile zilizopangwa zimo kabatini.

Hata hivyo, si haki kuhitimisha kwamba kupanga ndiko kulikomwondoa nyanya na kwamba kutopanga kungemhifadhi. Shuhuda naye angeweza kukaa hemani mchana kutwa asifike jikoni.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua asili ya picha za kishuhuda, jinsi zinavyopigwa katika maghala ya Uingereza, na mipaka ya ukweli wake. Tumeona kwamba thamani ya mtindo huu haitokani na kutokuwapo kwa mkono wa msanii, bali na pale mkono huo unapoelekea. Kwa wanafunzi wenzetu wa fasihi, albamu ya arusi ni matini inayofaa kuhakikiwa kama riwaya: ina msimulizi, ina wahusika wakuu na wadogo, na ina walioachwa nje. Atakayeifungua ya nyumbani kwake na aanze na ukingo wa picha, atazame ni mkono wa nani uliobaki pale.