Sindano ya Kichaa Haiui Bakteria

Ukiumwa na mbwa Malaba, hapa kaunti ya Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, kule malori yanakopanga foleni kusubiri forodha, kila atakayekuona atauliza: umedungwa sindano ya kichaa? Wana haki kuuliza. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Lakini sindano hiyo hupambana na virusi, na meno yaleyale yamepitisha bakteria pia, ambao hawangoji wiki kadhaa. Pasteurella, anayeishi vinywani mwa mbwa na paka wengi walio wazima kabisa, aweza kuuvimbisha mkono kabla ya saa 24 kwisha.

Mimi huhofia zaidi meno ya paka. Mbwa huchana nyama, damu ikamwagika, na aliyeumwa akatishika hadi akaenda hospitali. Paka huacha kitundu chembamba kinachofunga upesi juu, huku bakteria wameshafikishwa kwenye kano au ndani ya kiungo. Akikuuma kidoleni, usisubiri kivimbe. Jeraha la mnyama yeyote kati ya hawa lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, bila pilipili wala maji ya majani, kisha uende kliniki. Huko wataangalia na kinga ya pepopunda, na dawa mara nyingi itakuwa amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti. Vidonge vinne vya kubahatisha kutoka duka la dawa, upande huu wa mpaka au ule, si matibabu.

Mtoto mwenye selimundu ndiye asiyengojewa hata kidogo, na ukanda huu wa Ziwa Victoria una wengi. Ugonjwa huo huharibu wengu mapema, nao wengu ndio unaosafisha damu. Usipofanya kazi, Capnocytophaga, mkazi mwingine wa mate ya mbwa, aweza kuenea damuni na kuua kwa siku chache. Mzazi amwambie daktari habari ya selimundu kabla hata ya kueleza mbwa alikuwa wa nani.

Mkwaruzo wa paka una bakteria wake, Bartonella henselae, anayetoka kwenye kinyesi cha viroboto kilichonasa kuchani. Kwa kawaida tezi ya kwapa huvimba, ikakaa hivyo majuma kadhaa, ikapoa yenyewe. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana ni habari nyingine: huota vinundu vyekundu vya ngozi vinavyofanana na saratani ya Kaposi, ilhali hivi hutibika kwa doksisaiklini au erithromaisini.

Viroboto hao wana kesi yao hapa karibu. Asembo, katika kaunti jirani ya Siaya, watafiti walipima damu ya wagonjwa wa homa waliofika kliniki kati ya 2007 na 2010, wakakuta Rickettsia felis, bakteria anayebebwa na viroboto. Katika viroboto wa eneo hilohilo walikuta ndugu yake ambaye sayansi haikuwa imemtambua; mwaka 2016 akapewa rasmi jina Rickettsia asembonensis. Wataalamu bado wanabishana felis huumiza watu kiasi gani, maana Afrika ameonekana hata kwa wasio na homa. Kwangu ubishi huo hauondoi haja ya kumuuliza mwenye homa kuhusu viroboto.

Na kuuliza ndiko kunakokosekana, kwa sababu Busia homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine. Kipimo nacho hukubali kwa urahisi: watu wazima wengi hubeba vimelea bila kuugua, na kipimo cha haraka huweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Homa isiyoshuka baada ya dawa kamili ya malaria, nyumbani mkiwa na mbwa au paka anayejikuna, itajwe pamoja na mnyama huyo.

Dhidi ya viroboto, kumwosha mbwa peke yake hakutoshi. Mayai na mabuu ya viroboto huwa sakafuni, kwenye nyufa za udongo na gunia analolalia, kwa hiyo pafagiliwe na gunia lichemshwe. Dawa nyingi za viroboto wa mbwa zina pemethrini, ambayo mbwa huistahimili lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Akipakwa hutetemeka na aweza kufa. Kama wanyama hao hulala pamoja, watenganishwe hadi dawa ikauke kabisa manyoyani mwa mbwa.