Faraja kwa Wanaofukua Udongo

Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako mvua hubomoa milima na mashimo ya madini ya koltani ya Rubaya, huko Masisi, huporomoka na kufukia wachimbaji, waokoaji wa kwanza huwa wenzao wenye sepetu na mikono mitupu. Nao hupatwa na kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloendelea kuuma hatari ikishapita. Lakini wengi huwasahau, na hilo ni kosa kubwa. Mama wa parokia ya Jimbo Katoliki la Goma, au wa CBCA, jumuiya ya Wabaptisti, anapomletea kijana mwokoaji maji ya kunawa udongo uliokwama kwenye kucha, kisha akaketi naye kimya bila kumhimiza asimulie, humpa pumziko kabla ya kurudi shimoni.