Je, Wajua? Airfryer Haikaangi, Inaoka

Chombo kinachoitwa Airfryer ni oveni ndogo: waya wa moto juu, feni karibu yake, na kikapu chenye matundu chini. Kampuni ya Philips ilikiingiza sokoni mwaka 2010, na jina likashika hadi kwa vyombo vya kampuni nyingine.

Kazi kubwa hufanywa na feni. Upepo wa moto hukausha haraka unyevu wa juu ya chakula, na hapo ndipo viazi au paja la kuku huanza kupata rangi ya kahawia na kukauka kwa nje. Tena chumba chake ni kidogo, hivyo hupata moto upesi kuliko oveni kubwa. Kwenye umeme utaona tofauti: chombo cha wati 1500 kikiwaka dakika 20 mfululizo hula nusu uniti tu.

Lakini bhajia sahau. Rojo la unga wa dengu huchuruzika kwenye matundu kabla halijashika. Lenyewe lataka mafuta ya moto. Sambusa hutoka vizuri, mradi uzipake mafuta kwa brashi na usizibananishe.

Kwa nyumba ya watu wanane, samaki mkubwa mzima au keki ya sherehe, oveni haina mpinzani. Anayepikia watu wawili, namshauri bila kusita achukue Airfryer. Na kama oveni yako ina feni, usinunue kitu kwanza: iwashe, panga viazi juu ya wavu badala ya sinia, uonje.